Anza na Tembo, Babu

Mzee Inosenti hakuwahi kusema jambo bila kulizunguka kwanza. Ukimwuliza kama mbuzi wamekunywa maji atakusalimu wewe, atawasalimu mbuzi, ataliombea bwawa lisikauke, ndipo akujibu kwamba bado hawajanywa. Watoto walimwiga machungani. Lukresia, mkamwana wake, alikwishajifunza kuacha ugali kwenye sufuria ukiwa umefunikwa hadi sala ya chakula ikaribie mwisho, maana aliyewahi kuupakua mapema alikula ugali wa baridi.

Lakini hakuna aliyemdharau. Katika vitongoji vyote vya Endabash vinavyopakana na msitu, yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kufungua mikutano. Wairaqw wana maneno yao ya baraka, slufay. Mzee husimama na kuyatamka mstari kwa mstari, na kila anapovuta pumzi waliokaa huitikia kwa pamoja, sauti moja nzito ya kooni: Eeeh. Bila hayo mkutano haujafunguliwa, hata kama mwenyekiti ameshafika na muhuri wake mfukoni. Mzee Inosenti alikuwa pia Mkristo wa kuaminika, hakosi ibada kigangoni, na katekista Thomasi hakuona ubaya wowote. Kumwomba Mungu ni kumwomba Mungu, alisema, na huyu mzee anamwomba kwa urefu kuliko sisi.

Tena Mzee Inosenti alikuwa na imani yake moja aliyoipata kwa baba yake, nayo haikung'oka. Jambo la hatari halitajwi kwa mdomo mkavu. Ukimtajia mtu hatari kabla hujambariki, ni kama umeielekeza hiyo hatari mlangoni kwake. Kwa hiyo jambo likiwa dogo, baraka fupi zinatosha, na likiwa kubwa, baraka nazo lazima ziwe ndefu. Hivyo ndivyo alivyoishi, na watu walimsubiri.

Kisha zikaja simu.

Zililetwa kwa sababu ya tembo. Tembo wa msitu wa Marang walikuwa wamezoea mashamba ya watu kama vile wameyalima wao, wakishuka usiku kula mahindi na maboga na kupanda tena alfajiri. Shirika moja la watu wa mazingira likakusanya simu za kupangusa zilizokwisha tumika, likazigawa kwa wazee. Mantiki yao ilikuwa nzuri. Wazee ndio wanaoshinda madunguni, kwenye vile vichanja vya kulindia mazao, huku wengine wakilima, wakisoma au wakienda Karatu mjini kutafuta kazi za watalii. Basi wazee wawe macho ya kijiji. Vijana wawafundishe, kila mzee na mjukuu wake, Jumapili baada ya ibada, na kuwe na grupu moja la Wasapu la kupashana habari. Bando la intaneti lingewekwa na shirika.

Mzee Inosenti alifundishwa na Winnie, binti wa mwanawe Fabian. Winnie alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani akingoja matokeo. Baba yake alikuwa mpishi wa kambi za watalii huko Ngorongoro, mtu wa kuonekana nyumbani msimu ukiisha. Ndani ya boma walibaki watatu: mzee, Lukresia na binti.

"Bonyeza hapa, Babu, kwenye hiki kimaiki," Winnie alimwambia siku ya kwanza. "Halafu ushikilie, usiachie mpaka umalize."

"Nishikilie namna gani?"

"Kama unakamua ng'ombe. Ukiachia tu, maziwa yameshaingia kwenye ndoo, hayarudi tena."

Akashika, akainua kidevu kama aliye mbele ya mkutano, akaanza. Alimsalimu aliyetengeneza simu, akawasalimu wazazi wa aliyetengeneza simu, akanyamaza. Akangoja. Akamgeukia mjukuu wake kwa mshangao wa kweli.

"Mbona kimya?"

"Simu haiitikii, Babu."

"Basi haikulelewa vizuri."

Winnie alicheka mpaka akakaa chini. Naye mzee akacheka, ingawa hakuwa ametania.

Ujumbe wake wa kwanza kwenye grupu ulikuwa wa tembo watatu waliokuwa wakielekea kwa Mzee Julius, rika lake. Aliusema vizuri sana. Alipofika kwenye tembo, tembo walikuwa wameshafika kwenye maboga ya Julius, wameyala, wamekwenda zao. Watu walicheka wiki nzima, isipokuwa Julius. Vijana wakaanza kuziruka sauti zake. Akituma tu, mmoja angeandika "tumebarikiwa" kabla hata hajasikiliza, na wengine wangeweka vikaragosi vya mikono iliyounganishwa. Mzee aliambiwa kwamba hizo ni amina, akafurahi. Winnie, aliyejua kuwa si amina, ilimuuma.

Jioni moja alimfuata dunguni, akapanda ngazi, akakaa pembeni yake miguu ikining'inia.

"Babu, nikuombe kitu. Ukiona tembo, anza na tembo."

"Nianze na tembo?"

"Ndiyo. Sema, tembo wako mahali fulani. Halafu endelea na baraka hata mpaka kesho."

"Mama," mzee alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita akiwa anampenda zaidi, "wewe ukija mlangoni kwangu, unaanza na shida yako?"

"Hapana, Babu. Naanza na shikamoo."

"Na mimi niwarushie watu tembo kichwani bila salamu, kama narusha mawe?"

"Siyo mlango, Babu. Ni simu. Watu wanaisikiliza wakitembea."

"Ndiyo maana sasa. Mtu anayetembea ndiye anayehitaji baraka."

Winnie alibishana naye hadi jua likazama nyuma ya vilima vya Mbulu, na mzee hakukubali kupunguza hata nusu ya neno. Mwisho alikuja na njia ya kati, na ilikuwa njia ya mtoto mwenye akili na huruma. Babu asitume tena kwenye grupu. Atume kwake tu, Winnie, baraka zote na mambo yote. Yeye atasikiliza mpaka mwisho, kisha atawaandikia wenzake kwa ufupi.

"Na nitajuaje kama umenisikia," mzee aliuliza, "na hiki kitu hakiitikii?"

Winnie akamwonyesha. Ukituma, pembeni ya sauti yako kuna kimaiki kidogo. Mwanzoni kina rangi ya majivu. "Kikigeuka bluu, Babu, ujue nimekusikia. Hiyo bluu ndiyo kuitikia kwangu."

Ilimwingia hiyo. Alikipenda kile kimaiki kuliko simu yenyewe. Akawa anatuma kila asubuhi, tembo wawepo wasiwepo, maana baraka hazingoji tembo. Alikuwa akikaa dunguni na koti lake zito la kijeshi, simu kwenye kiganja, akikitazama kimaiki hadi kigeuke. Kikigeuka, alinung'unika mwenyewe "Eeeh" kwa niaba ya mjukuu wake, akaanza siku. Tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyekuwa akimsikiliza kila siku bila kukosa. Alimpenda binti yule kupita kiasi, na hakuona haya kulisema.

Na mpango ulifanya kazi. Siku moja alimtumia habari ya madume mawili kwenye korongo la juu, na baada ya muda mfupi grupu likawa na maneno matatu ya herufi kubwa, na watoto wakazuiwa shuleni hadi njia ikawa salama. Siku ile Julius mwenyewe alikuja kumpa mkono. "Tuseme ukweli," alisema Julius, "wewe unahitaji mtafsiri." Mzee Inosenti alijivuna. Alimwambia kila aliyepita kwamba ameijua simu, na hakuwa akidanganya kwa makusudi. Kubonyeza alijua, kuachia alijua, na bluu aliijua.

Asubuhi ile ya Jumamosi aliondoka mapema nyumbani, akamwacha Lukresia akimfunga punda magunia ya mahindi. Winnie alikuwa aende mashineni kusaga, yeye na Selina, binti wa jirani. Njia ya mashineni hushuka, hukata korongo kwenye maji, kisha hupanda upande wa pili hadi dukani.

"Babu, shikamoo! Nikuletee nini dukani?" Winnie aliuliza, mdomo umejaa kiporo cha kiazi.

"Marahaba. Niletee wewe mwenyewe."

Ukungu ulikuwa umelala bondeni. Alipofika dunguni aliwasha moto kwenye kibati chake chini, akapanda, akatulia. Jua lilipotoka ukungu ukaanza kunyanyuka kidogo kidogo, na hapo ndipo alipowaona. Walikuwa korongoni kwenye maji, chini ya migunga, mahali njia inapokatiza. Saa ile walitakiwa wawe wameshaingia msituni. Alikuwepo mama mkubwa na ndama wake, na majike wengine nyuma yao. Ndama alikuwa mdogo sana na alikuwa amechoka au ameumia, maana kila alipojaribu kupanda ukingo aliteleza, na mama alikuwa akimsukuma kwa mkonga na kugeuka huku na huku, masikio yamefunguka.

Mzee Inosenti akainuka kwenye kichanja. Kupiga kelele alikuwa na uwezo nako, sauti alikuwa nayo. Lakini watu wa shirika walikuwa wamewakataza mara nyingi: tembo mwenye ndama asipigiwe kelele, atamkimbilia yeyote aliye karibu. Na aliye karibu angekuwa nani, kama si binti aliye njiani? Njia ya kushukia hakuiona kutoka pale, iko nyuma ya mgongo wa kilima. Kukimbia hakungewezekana, magoti yale yalikuwa ya kukaa. Salio la kupiga hakuwa nalo, simu ilikuwa na bando la intaneti tu, na kupiga kwa Wasapu lilikuwa somo ambalo Winnie alisema watalifikia baadaye, asimchanganye.

Akaitoa simu. Kimaiki alikijua. Akabonyeza, akashikilia.

Tusimsingizie. Alitaka kufupisha. Alijiambia kabisa moyoni, Inosenti, leo fupisha. Lakini mara tu alipofungua kinywa hofu ilimshika, na hofu kwake haikumfanya awe na haraka, ilimfanya awe mwangalifu. Hili lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyasema kwenye kitu kile. Lilikuwa tembo mwenye ndama, na lilikuwa Winnie. Angewezaje kuliweka neno lile juu ya kichwa cha mtoto kikiwa kitupu, bila kukifunika kwanza? Basi akaanza kukifunika, kwa salamu ya Kiiraqw kwanza.

"Saita, mwanangu. Umeamka, nami nimeamka. Jua limetoka upande wake." Akapumua, akaacha nafasi. "Likutazame usoni, lisikuchome mgongoni." Akaacha nafasi. "Mama yako asikuite ukakosa kuitika. Ng'ombe wa baba yako wazae majike. Mguu wako ukanyage palipo laini. Mwiba ukikuona ulale. Nyoka akikuona akumbuke ana safari." Aliendelea, akiwa ameyakaza macho kwenye lile jike kubwa huku akizijenga baraka moja juu ya nyingine kama mtu anayejenga ukuta mbele ya maji yanayokuja. Hakuruka hata mstari. Akaubariki mlango wa boma, na mashine ya kusaga, na punda. Ndipo akasema: "Winnie, mama, kuna tembo korongoni kwenye maji, yuko na ndama. Usishuke. Rudi nyumbani na mwenzako, muwaambie na wengine."

Akaachia. Maziwa yakaingia kwenye ndoo.

Kimaiki kilikuwa cha majivu. Tiki zikawa mbili. Majivu. Aliisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali, akaipangusa kwa koti kama vile rangi ingetoka kwa kupanguswa. Ee Mungu, mfungulie sikio. Majivu bado.

Kikageuka bluu.

Alilia. Mzee mzima alilia pale kichanjani kwa furaha, machozi yakamshuka hadi kwenye ndevu, akasema "Eeeh" kwa nguvu kana kwamba watu wote wa Endabash wapo mbele yake. Amesikia. Mtoto amesikia, anageuza punda sasa hivi. Akaiweka simu ndani ya koti, akateremka ngazi taratibu kwa ajili ya magoti, akachochea moto, akateleka chai. Alikuwa na amani. Alimwaza Winnie atakavyokuja jioni kumtania, Babu leo umembariki hadi punda, naye angemjibu kwamba punda ndiye aliyekuwa na mzigo.

Chai ilikuwa haijachemka alipomwona punda.

Alikuwa akipanda kilima peke yake, si kwa njia bali akikata shamba la mbaazi. Gunia moja lilikuwa limebaki, limeteleza hadi tumboni, na mahindi yalikuwa yakimwagika nyuma yake. Mzee Inosenti alisimama na kijiko mkononi. Akasubiri aone nani atatokea nyuma ya punda. Alisubiri sana, na hakutokea mtu.

Walimleta Winnie nyumbani saa za mchana, amefunikwa kitenge, na wanaume waliomleta hawakutaka Lukresia akifunue. Selina alikuwa hai. Walimkuta amejibanza kwenye mizizi ya mti ukingoni, haongei, wakampeleka hospitali. Askari wa wanyamapori walikuja, wakatazama nyayo, wakatoa pole. Fabian alikuwa na wageni upande wa Endulen ambako mtandao hakuna, habari zikamfikia kwa mdomo wa dereva, akafika siku ya pili akiwa bado na aproni ya upishi ndani ya begi.

Watu walipomwuliza Mzee Inosenti, hakusita. "Nilimwambia," alisema. Aliitoa simu, akawaonyesha. "Tazama, bluu hii. Alinisikia. Nilimwambia usishuke, rudi. Akashuka."

Alilisema kwa Fabian, akalisema kwa Julius, akalisema kwa kila aliyeingia na mkono wa pole. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, na hasira ilikuwa nyepesi kuibeba kuliko kile kingine kilichokuwa chini yake. Kwa nini, mama? Ulinisikia, kwa nini? Neno lilitoka pale kwenye viti vya wanaume likafika jikoni, kwa wanawake waliokuwa wakichambua maharage. Wengine walitikisa kichwa. Watoto wa siku hizi, wakisoma kidogo tu, neno la mzee kwao ni kelele. Hata katekista Thomasi, mtu mpole, siku ya mazishi alisema kaburini kwamba vijana wajifunze kusikia. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya kutaja.

Lukresia alikuwa amekaa kwenye mkeka ameshika tama. Alisikia yote. Hakumjibu baba mkwe wake, hakumjibu yeyote, lakini tangu siku ile, kila alipomwekea chakula aliweka na kuondoka kabla hajaanza kuomba.

Siku ya kuondoa matanga Selina alirudi kutoka hospitali. Aliingia akishikwa mkono na mama yake, amekonda, akapita moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa Lukresia, akapiga magoti. Alikuwa hajaongea na mtu tangu siku ile.

"Mama Winnie," alisema, "wanasema Winnie alikaidi. Nimesikia huko nje wanasema. Hakukaidi."

"Sema, mwanangu."

"Simu ililia tukiwa tunaanza kushuka. Akasema ni Babu. Akafungua, akaweka sikioni kidogo tu, Babu alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye mstari wa jua. Akacheka. Akasema, ngoja, nitamsikiliza mashineni tukiwa kwenye foleni. Akaifunga kwenye kitenge."

Mzee Inosenti alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake. "Siyo hivyo," alisema. "Mtoto huyu bado anaumwa. Mimi niliona bluu."

"Babu," Selina alisema bila kugeuka, akilia sasa, "akiwa na kazi alikuwa anafanya hivyo siku zote. Anafungua kwanza ili wewe uone bluu, usikae unanung'unika huko dunguni. Halafu anakusikiliza yote baadaye. Alikuwa anasikiliza yote, Babu. Kila siku. Jioni akipika."

Mzee aliangaza watu mmoja mmoja hadi akampata Dickson, kijana aliyekuwa akiongoza wenzake kwenye yale masomo ya Jumapili. "Wewe mwambie. Bluu si ni kusikia?"

Dickson alitazama chini. "Bluu ni kufungua, Babu. Hata akisikia neno moja tu, inageuka."

"Winnie alinifundisha ni kusikia."

"Alikurahisishia, Babu. Wote tuliwarahisishia."

Lukresia akafunua ncha ya kanga yake, akatoa simu ya Winnie. Kioo kilikuwa na ufa, lakini iliwaka. Hakuwa ameigusa siku zote zile isipokuwa kuichaji. Akampa Dickson. "Iweke," alisema. "Yote. Iweke kwa sauti."

Fabian akasema, "Mama Winnie, ya nini sasa?" Lakini Dickson alishabonyeza.

Sauti ya Mzee Inosenti ikajaa uani. Saita, mwanangu. Umeamka, nami nimeamka. Jua limetoka upande wake. Kisha ikanyamaza, ile nafasi ya kupumua, na wazee waliokaa kwenye viti, wasiojua wafanyalo, midomo ikiwa imezoea tangu ujana, wakaitikia: Eeeh. Likutazame usoni, lisikuchome mgongoni. Eeeh. Mama yako asikuite ukakosa kuitika. Julius alitaka kunyamaza, ikaonekana alitaka, lakini koo lake likaitikia pamoja na wengine. Ng'ombe, mguu, mwiba, nyoka. Zilikuwa baraka nzuri. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akibariki vizuri kama pale, na zilikuwa ndefu, ndefu kupita za harusi, ndefu kupita za kuomba mvua, na kadiri zilivyoendelea sauti za waitikiaji zilipungua, mmoja mmoja akielewa anachokingoja. Hadi kufika kwenye punda hakukuwa na aliyeitikia tena. Winnie, mama, kuna tembo korongoni.

Dickson akazima.

Mzee Inosenti alikuwa bado amesimama. Alikuwa amesikia kwa masikio yake urefu wa kile alichokijenga. Kwa mara ya kwanza alikisikiliza kama mtu aliye njiani anayetembea, punda mbele, korongo chini, na akajua ni hatua ngapi za binti zilimezwa na kila mstari. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, walimtazama kwa huruma tu. Hasira yake yote aliyokuwa ameishikilia siku zile ikamtoka, akabaki na kile kilichokuwa chini yake, nacho kilikuwa kizito kiasi kwamba alishika mgongo wa kiti.

Katekista Thomasi alikohoa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, wengine walitoka mbali, na watu hawawezi kutawanyika kutoka kwenye matanga bila maneno ya kufungia. Mtu wa maneno hayo alikuwa mmoja tu, na katekista hakuwa na jinsi.

"Mzee," alisema kwa upole, "tufungie, watu waende."

Wazee wakajiweka sawa kwenye viti. Mzee Inosenti akaachia kiti, akainua kidevu kama ilivyo desturi. Kinywa kilifunguka, kikafunga, kikafunguka tena. Hakumsalimu mtu. Hakulitaja jua.

"Winnie," alisema, "kuna tembo korongoni. Rudi."

Akavuta pumzi, akaacha nafasi. Hakuna aliyeitikia. Akaendelea kusimama pale akingoja, kama alivyokuwa akingoja mbele ya simu siku ya kwanza, hadi Lukresia alipoinuka na kwenda kumkalisha.